Nusu ya Karanga

Binti yangu alikohoa mara ya kwanza siku ya Jumatano, alasiri, akiwa amekaa juu ya mapaja yangu. Naanza na siku hiyo kwa sababu kwa miezi minne sikuitaja mbele ya mtu yeyote. Nyumbani kwetu wote waliamini kikohozi kile kilianza Ijumaa, siku niliyopanda lori kwenda Kolwezi, na kwa ajili ya zile siku mbili mke wangu alipoteza jina lake jema.

Wakati ule nilikuwa konvoyeri, yaani yule mtu anayekaa juu ya mizigo ya lori na kuilinda mpaka ifike. Nilimaliza shule ya sekondari, diploma yangu ipo ndani ya plastiki mpaka leo, na dada yangu mkubwa alikuwa amenitafutia kazi ya karani mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa wiki tatu. Mara ya pili sikwenda kabisa. Babu yetu aliletwa Likasi kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akashuka kwenye treni na hakusogea tena mpaka kufa. Nadhani wengine walirithi kukaa kwake, mimi nikarithi ile treni.

Nikiwa mjini niliwaza barabara. Nikiwa barabarani niliwaza mji, vilima vyake, miti ya mtaa wetu wa Kikula inayomwaga maua ya zambarau mvua zinapokaribia, bomba la maji ambapo wanawake walipanga ndoo tangu alfajiri. Mke wangu alinijua. "Weye unapendaka nyumba ukiwa mbali nayo," alisema.

Jumatano ile nilitoka Kapolowe na magunia ya karanga. Kwetu, msafiri akiingia nyumbani, mtoto hangoji kusema shikamoo. Anapekua mifuko. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na alikuwa amekwisha kujifunza sheria hiyo. Alitia mkono katika mfuko wa shati langu akatoa karanga za kukaanga.

Mke wangu alikuwa amekataza. Alinipa mtoto mikononi, akachukua ndoo, na kabla ya kwenda bombani akageuka mlangoni: "Kalanga hapana, baba. Za kutwanga, muzuri. Nzima hapana, meno bado." Nikasema ndiyo. Alipopotea nyuma ya uzio nikampa mtoto mbili, kisha mbili tena, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbali siku nyingi, na kwa sababu kila nilipompa alicheka. Nikamrusha juu akiwa bado anatafuna. Aliposhuka mikononi mwangu hakucheka. Mdomo ulifunguka bila sauti, macho yakatoka, midomo ikawa na rangi mbaya. Nilimgeuza kifudifudi nikampiga mgongoni. Akakohoa, vipande vikatoka, akalia kwa nguvu. Nikashukuru Mungu kwa kilio kile. Kisha nikafagia maganda mekundu kwa mguu mpaka nje.

Mke wangu alirudi na maji kichwani. "Analia nini?"

"Ananiogopa. Amenisahau."

Alicheka mpaka maji yakamwagika begani. "Unaona? Ukikaa wiki mbili pengine atakuita papa tena!"

Alhamisi mtoto alikuwa mzima. Alikula, alicheza na mifuniko ya sufuria. Ijumaa asubuhi niliondoka, na jioni ile kikohozi kikaanza.

Niliporudi baada ya wiki tano nilikisikia kabla sijafika mlangoni. Kilikuwa kikavu, kifupi, kinakuja mara tatu kisha kinanyamaza, kama mtu anayegonga mlango wa watu asiowajua. Mke wangu alikuwa amekonda. Alinionyesha chupa za dawa ya maji zilizopangwa dirishani. Majirani walikuwa wamesema ni vumbi la nguo zangu, kwa sababu malori yetu wakati mwingine yalibeba watu wanaotoka kuchimba upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi wa zamani wa urani, na tangu siku hiyo nilivua shati uani na kuoga kabla ya kumshika mtoto. Zahanati walitafuta kifua kikuu, hawakukiona. Walitafuta minyoo. Walimpa dawa ya homa ya mapafu, akapata nafuu siku kumi, kikarudi.

Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, siku hiyo ya kurudi kwangu, yeye akinieleza yote haya. Akasema, "Muuguzi aliniuliza kama mutoto alipaliwaka na kintu. Nikamujibu apana, minye niko naye kila siku, ningeona."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nilichovya, nikala.

Nimejiuliza mara nyingi juu ya tonge lile. Je, nilikuwa nimesahau? Mtoto alipaliwa, alilia, ikaisha, na mimi nilikuwa nimelala usiku thelathini juu ya magunia tangu siku ile. Inawezekana nilisahau. Lakini nakumbuka kwamba niliacha kutafuna kidogo kabla ya kumeza, na mtu aliyesahau haachi kutafuna.

Mwezi wa tatu dada yangu mkubwa akaingia katika maneno. Yeye, yaya kama tunavyomwita dada mkubwa, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alinunua viatu vyangu vya kwanza vya shule, na alikuwa mwanamke wa kanisa, kiongozi wa wamama, mtu ambaye majirani walimwita kila walipogombana. Simwandiki hapa kama mtu mbaya. Alimpenda yule mtoto, na alikuwa ameona watoto wawili wa ukoo wakikohoa hivyo na kuzikwa.

Alikuja akaketi, akamsikiliza mtoto, kisha akaniita uani. "Dawa ya muzungu inakataa. Hii haiko ya dawa. Ni chibindi."

Sisi wa asili ya Kasai neno hilo hatuhitaji kuelezwa. Mke wa mtu akiguswa na mwanamume mwingine, kosa linaingia ndani ya nyumba na kukaa, na mara nyingi linamkalia mtoto. Haliondoki mpaka mwanamke aseme mbele ya ndugu za mume, ataje jina, na kuku mweupe achinjwe. Mume naye hukosa, tena sana, lakini kosa lake haliulizwi kwa namna hiyo. Padri alihubiri dhidi ya mambo haya, na dada yangu alimsikiliza padri katika yote isipokuwa hili.

Kikao kilifanyika nyumbani kwake, mtaa wa Panda, Jumapili baada ya misa. Wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti, wanawake kando ya ukuta. Mke wangu alikaa chini kwenye mkeka, mtoto mgongoni. Alikuwa bado amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mutoto alianza kukohola siku gani?" dada yangu aliuliza.

"Ijumaa, yaya. Mangaribi."

"Bwana yako alipanda lori siku gani?"

"Ijumaa ile ile. Asubui."

"Asubui mume anatoka, mangaribi mutoto anakohola." Dada yangu aliwageukia watu. "Minye sikusomaka sana, lakini kuhesabu najua."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mtoto akakohoa, mara tatu.

"Minye siko na jina ya kusema," mke wangu alisema.

"Sema tu, mama, hauko wa kwanza. Hatutakufukuza."

"Siko na jina."

"Basi mutoto atakufa juu ya kinywa yako."

Mke wangu alinitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuomba. Alinitazama kama mtu anayetafuta kiti ndani ya chumba kilichojaa. Mimi nilikuwa naijua Jumatano. Sasa nilikuwa naijua vizuri, kwa sababu waliposema Ijumaa mara mbili, tatu, kitu ndani yangu kilisema hapana, si Ijumaa. Ningesimama. Ningesema, "Yaya, ni minye, nilimupa kalanga." Lakini nilifikiria jinsi wangenitazama, mwanamume mzima anayefagia maganda kwa mguu. Pia, na hili ni baya zaidi, nilianza kujiuliza kama dada yangu hakuwa na haki. Nilikuwa nasafiri sana. Nilikuwa sijui siku za mke wangu zilivyokwenda. Nikainamisha kichwa.

Alingoja. Kisha akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza mapajani, akasema jina. Lilikuwa jina la fundi redio wa mtaa wetu. Alisema ilikuwa mara moja tu, siku ile mume alipoondoka. Wanawake kando ya ukuta wakapiga makofi ya mshangao. Dada yangu akafunga macho kwa shukrani. Kuku akachinjwa, maneno yakasemwa, mtoto akapakwa damu yake.

Tulipokuwa tunarudi Kikula kwa miguu, mtoto akakohoa. Wala sikuwa na akili ya kutambua. Nilitangulia hatua ishirini mbele ya mke wangu njia nzima, nimevimba kwa hasira juu ya fundi redio. Nilitaka kwenda kumtafuta. Ilinichukua mpaka darajani kukumbuka kwamba fundi yule alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimesikia habari ya msiba wake kwa mke wangu. Hata hapo sikuelewa. Nilifikiri, amekufa vizuri.

Siku zilizofuata sikusema naye. Yeye alipika, aliteka maji, alimbeba mtoto. Kisha asubuhi moja alivaa, akamfunga mtoto mgongoni, akasimama mbele yangu. "Kuku wa yaya yako alikufa bure. Naenda kwa docta wa hospitali. Ukitaka, kuya tuende. Ukikataa, panda lori yako."

Nilikwenda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya raba. Alimsikiliza mtoto muda mrefu, mbele, nyuma, akihamisha kile chombo chake kutoka upande hadi upande. Alisema kushoto pumzi inaingia vizuri, kulia inapiga filimbi. Akaagiza picha ya kifua, na umeme ukakatika. Tukakaa barazani na wagonjwa wengine kungoja urudi. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. "Aa," alisema, "basi weye na umeme muko ndugu. Koni, bwawa yake, iko pale nyuma ya kilima, tunazaliwa naye, lakini anapendaka kutembea." Baraza zima likacheka, hata mke wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu kikao.

Daktari naye alitoka nje kutafuta mwanga, akaketi nasi kwenye benchi, karatasi magotini. "Papa, weye njo baba wa mutoto? Minaonaka mama peke yake kwa karatasi zote hizi."

"Niko wa safari, docta."

"Sawa. Niulize tena ile baliulizaka. Mbele ya kikohozi, alikulaka ao kucheza na kintu kidogo? Kifungo, mbegu, kalanga?"

"Nilishajibu," mke wangu alisema kwa uchovu. "Hapana."

Mzee wa mguu alikuwa bado anatabasamu kwa utani wake. Mtoto alikuwa amelala begani kwa mama yake na mkono wake mmoja ulikuwa umening'inia karibu na mfuko wa shati langu.

"Kalanga," nilisema.

"Kalanga gani?" Aliyeuliza hakuwa daktari. Alikuwa mke wangu.

"Siku weye ulikwenda bombani. Jumatano. Alipaliwa, akalia, ikaisha."

Mke wangu alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi lingine. Daktari alifurahi. Alipiga paja lake, akasema, "Papa, umenisaidia sana!" Akaeleza kwamba mara nyingi huwa hivyo, kitu kinaingia njia ya pumzi, kinatulia siku moja au mbili, wazazi wanasahau, kisha kikohozi kinaanza na hakisikii dawa. Alisema picha haiwezi kuionyesha karanga, inaonyesha tu pafu linalopata shida. Umeme uliporudi pafu lile likaonekana, limevimba kwa hewa isiyoweza kutoka.

Tulikwenda Lubumbashi. Huko walimlaza usingizi, wakapitisha mrija wenye taa kooni mwake, wakaitoa. Muuguzi alituletea kwenye kipande cha bendeji. Nusu ya karanga, imevimba, nyeusi. Mtoto alikohoa siku mbili tena, kisha akaacha. Mke wangu alikaa pembeni ya kitanda na mkono wake kifuani mwa mtoto, akingoja kile kikohozi cha mara tatu baada ya pumzi, na hakikuja.

Aliniuliza tukiwa kwenye gari la kurudi, karibu na njia panda ya Kapolowe, kwao. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa.

"Minye nilidanganya, nilisema bongo juu mutoto apone. Nilitafuta jina ya muntu mwenye hataweza kuumizwa tena. Weye ulinyamaza juu ya nini?"

"Niliogopa utanigombeza."

Alinitazama. "Kukugombeza tu?"

Hiyo ndiyo sababu yenyewe, mpaka leo. Ingekuwa kubwa, aibu yangu ingepungua.

Akachukua kile kipande cha bendeji mkobani, akakitia ndani ya kiberiti kitupu, akaniwekea mkononi. "Upelekee yaya yako. Uweke mbele ya macho yake na ya wote walikuwa pale. Useme Jumatano. Kwa kinywa yako."

Jumapili iliyofuata nilitoka na kiberiti mfukoni kwenda Panda. Njia inapita maegesho ya malori. Dereva mmoja niliyemfahamu aliniona akapiga honi. "Konvoyeri! Kasumbalesa! Tunatoka sasa, mutu wangu amegonjwa!" Nikajiambia ni wiki moja. Dada yangu hakimbii, nilijiambia. Ilikuwa wiki saba.

Niliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa na kufungwa. Mke wangu alikuwa ameondoka na mtoto kwenda kwa mama yake Kapolowe. Majirani walinieleza polepole yale niliyopaswa kuyajua. Katika ukoo wetu mtoto mmoja alikuwa amezaliwa, na mke wangu alipokwenda kumpokea, walimwambia mikono yake bado haijatakata. Kwenye harusi sufuria lake liliachwa nje ya mstari wa masufuria mengine. Kuku hufuta kosa, walisema, hafuti habari.

Nilikwenda kwa dada yangu. Alinipa maji ya kunywa, akasema, "Unaona? Mwenye kosa njo anakimbia." Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Nikanywa maji. Nikamwuliza habari za miguu yake.

Miaka ilikwenda. Nimelala Kolwezi, Bukama, Kalemie. Habari hii niliieleza mara nyingi, kwa madereva tukingoja barabara ikauke, kwa wauza chai, mara moja kwa askari wa kizuizi aliyelia. Niliieleza vizuri, sikujificha. Kila niliyemweleza alikuwa mtu nisiyekusudia kumwona tena. Siku moja nilifungua kiberiti na ndani ya bendeji hapakuwa na kitu ila unga mweusi uliokwisha kuliwa na wadudu.

Mwaka huu dada yangu amefariki. Siku ya tatu ya matanga ukoo ulikaa kugawa maneno, wanaume kwenye viti, wanawake kando ya ukuta, katika chumba kile kile. Nikasimama. Nikasema yote, nikataja bomba, maganda, Jumatano, mrija wa Lubumbashi.

Hawakujua la kufanya nayo. Kijana mmoja aliyekuwa mtoto wakati ule aliuliza jirani yake, "Kalanga?" na mtu akazuia kicheko. Mzee wa ukoo akaniambia kwa upole, "Mwana, uko na haki. Lakini hii haiko wakati yake. Leo tunalia muntu." Nikakaa.

Alasiri nilitoka nje nikampigia simu mke wangu. Bado namwita hivyo.

"Nimesema," nilimwambia. "Mbele ya bantu yote. Nilisema Jumatano."

Akauliza, "Yaya yako alisikia?"

"Njo yeye tumezika."

Nilisikia jogoo wa Kapolowe nyuma yake, na mtu akitwanga kitu.

"Basi," alisema, "alikufa akijua ni minye."

Akaita jina la binti yetu, kwa nguvu, na kwa mbali nikasikia miguu ikija mbio. Mtoto ana miaka kumi na miwili sasa. Akachukua simu bado akihema, na mimi, kama kila mara, sikusalimu kwanza. Nilibana simu sikioni nikasikiliza pumzi zile ndefu zikiingia na kutoka, moja, mbili, tatu.

"Papa? Uko pale?"

"Niko," nilisema. "Nakusikia."